Tundu Kwenye Friji ya Kimchi

Seok Pil-gon alistaafu kutoka ofisi ya maji akiwa naibu mkuu wa sehemu. Mjini Jeongeup wenye cheo cha aina hiyo walikuwa wengi kiasi cha kujaza basi, lakini yeye alikibeba kama taji. Wenzake walimuaga kwa saa ya ukutani na picha ya pamoja. Alirudi nyumbani, akaitundika saa, akaketi, na haukupita muda akatambua kwamba hana tena mtu wa kumwamrisha.

Mwanawe, In-chan, alikuwa ameoa na kuhamia Suwon. Mkewe, Ma Bok-rye, alikuwa ameuza samaki wakavu sokoni maisha yake yote ya ujana, na mwanamke aliyezoea kugombana na wateja wa soko lile hakuwa wa kuamrishwa na naibu mkuu wa sehemu yoyote. Basi zikabaki friji mbili: ile kubwa ya jikoni, na ile ya kimchi, kabichi ya kuchachushwa kwa pilipili, iliyokaa kwenye roshani, ya kulala chini kama sanduku, yenye vifuniko viwili kwa juu. Pil-gon alizitazama, nazo hazikumjibu. Akaona amepata wafanyakazi.

Alianza na ya jikoni. Aliivuta kutoka ukutani, akapiga magoti nyuma yake na brashi ya rangi, akatoka na donge la vumbi kubwa kama paka. Alilitandaza juu ya gazeti sebuleni na kumwonyesha kila aliyeingia. Kisha akahamia kwenye mpira wa mlango. Aliusugua mikunjo yote kwa maji ya sabuni na mswaki, akaukausha, akabana kipande cha karatasi mlangoni na kukivuta ili aone kama mpira bado unashika. Karatasi ilikataa kutoka. Akatabasamu kama mtu aliyepewa mjukuu.

"Baba In-chan," aliuliza Bok-rye jioni ile, "huo mswaki uliosugulia umeutoa wapi?"

"Bafuni."

"Wa rangi gani?"

"Wa kijani. Ulikuwa umechakaa."

"Nimeununua juzi."

"Ndiyo maana umesafisha vizuri," alisema Pil-gon, na akaona kwamba mazungumzo yameisha kwa ushindi wake.

Baada ya hapo zikaja sheria. Supu ya moto ilikatazwa kuingia frijini mpaka ipoe. Vyakula visibananishwe, hewa ipite. Na mlango usifunguliwe ovyo. Bok-rye akishika tu mpini, sauti ilitoka sebuleni: "Amua kwanza unachotaka, ndiyo ufungue." Kuna asubuhi aliamua kwanza, akafungua, akatoa yai moja, akafunga, kisha akafungua tena makusudi na kusimama pale akiyatazama mayai yaliyobaki kama anayetazama mandhari ya mlimani. Pil-gon alikohoa mpaka akafunga.

Majirani nao hawakupona. Bi Bang, mjane wa mlango wa pili, alikuja kuleta sahani ya maharage yaliyochipua, akakutana na swali mlangoni.

"Bi Bang, friji yako inapumua? Umeiachia nafasi nyuma?"

"Friji haijambo, Bwana Seok. Aliyeacha kupumua ni mume."

Pil-gon alitikisa kichwa kwa huzuni, kisha akamwambia aiachie friji nafasi ya upana wa kiganja.

Kwenye lifti aliwaeleza watu habari za kompresa. Kwenye ngazi aliwaeleza habari za tundu la kutolea maji. Lakini somo lake kubwa, alilolitoa kwa sauti ya chini kama daktari anayetaja ugonjwa mbaya, lilikuwa la barafu inayoganda ndani ya friji ya kimchi. Msiikwangue, aliwaambia. Zimeni, fungueni, subirini. Nyuma ya ukuta ule mna bomba jembamba la gesi, na atakayelichoma kwa kitu cha ncha ameua friji. Jengo zima likamwita Daktari. Wenyewe walipomwita hivyo walikuwa wakikonyezana, ila yeye alikuwa akitazama juu.

Ulipofika mwezi wa kumi na moja, msimu wa kutengeneza kimchi ya kulia majira yote ya baridi, Pil-gon alitangaza kwamba friji ya roshani itafanyiwa matengenezo makubwa. Friji hiyo ilikuwa ya Bok-rye. Aliinunua mwenyewe kwa samaki wake wakavu, na ndani yake alihifadhi kimchi ambayo dada zake watatu waliionea wivu bila kuficha.

"Haina matengenezo yoyote inayoyahitaji," alisema Bok-rye akifunga mzigo wake. "Ina barafu kuta zote. Zima leo, acha vifuniko wazi, kesho utafuta maji. Mimi nakwenda Gochang kwa dada kutia kabichi chumvi. Nikirudi niikute kavu."

"Unanifundisha mimi?"

"Nakukumbusha wewe."

Alipoondoka, Pil-gon alizima friji, akafungua vifuniko, akavuta kiti. Barafu ilikuwa nene kama godoro la mtoto. Aliitazama. Haikuonyesha nia ya kwenda popote. Tatizo ni kwamba wenzake wa zamani wa ofisi ya maji walikuwa wanamsubiri kupanda mlima Naejang siku ileile, majani mekundu ya kwenda kutazamwa yakiwa yanakaribia kuisha, na huko juu kulikuwa na mtu mmoja aliyewahi kuwa mkuu kamili wa sehemu ambaye Pil-gon alitaka sana kumtangulia kileleni.

Akaweka bakuli la maji ya moto ndani. Barafu ikatoa jasho kidogo. Akaleta mashine ya kukaushia nywele ya Bok-rye, akaipuliza mpaka ikanuka kuungua. Likadondoka bonge moja. Akaligonga lililofuata kwa ngumi, likabaki pale pale, ngumi ikauma. Hapo ndipo alipokwenda kwenye sanduku la vifaa na kurudi na bisibisi. Alijiambia kwamba onyo lile lilikuwa la watu wa kawaida, wasiojua bomba liko wapi. Yeye alijua. Aliingiza ncha pembeni, polepole, akabandua kipande. Akaingiza tena, akabandua kikubwa zaidi. Mara ya tatu alitumia uzito wa mwili.

Ilisikika sauti ndogo, kama mtu anayemnyamazisha mtoto. Fsss.

Pil-gon aliganda kuliko barafu. Upepo mwembamba wa baridi ulikuwa unamgusa mkono, na ulikuwa na harufu hafifu ya mafuta. Akaweka kidole gumba juu ya tundu. Sauti ikanyamaza. Akainua kidole, ikarudi. Akakiweka tena, akabaki ameinamia ndani ya friji, makalio juu, kidole kikiwa kimebana ukuta, akisubiri mtu aje amwambie la kufanya. Kwa miaka yote ya kazi kulikuwa na mtu juu yake wa kumpelekea jambo kama hili. Sasa hakukuwa na mtu, na kidole kilianza kufa ganzi. Alipokiondoa mwishowe, kilichokuwa ndani kilitoka chote, kikaisha.

Alifanya kama alivyofanya ofisini bomba lilipopasuka mtaa usio na wakubwa: akalipaka kitu juu. Alichanganya gundi ya mirija miwili, ile inayogeuka jiwe, akaibandika juu ya tundu, akailainisha kwa kijiko, akafuta maji, akakausha kila kona. Ukuta ukang'aa. Akawasha friji. Kompresa ikanguruma.

"Inanguruma," alisema peke yake, kwa sauti. "Kitu kinachonguruma ni kizima."

Akavaa viatu vya mlimani, akaenda. Yule mkuu kamili wa sehemu alimtangulia kileleni.

Kesho yake nyumba ilijaa wanawake. Dada zake Bok-rye walikuja na mabeseni ya kabichi zilizolala kwenye chumvi, na kutoka Suwon akaja Do Ha-gyeong, mke wa In-chan, aliyeomba ruhusa kazini ili aje. In-chan hakuja; alikuwa na shughuli, kama alivyokuwa na shughuli kila mwaka siku hiyo. Walikaa kwenye plastiki sebuleni, glavu nyekundu mpaka viwiko, wakipaka kila jani mchanganyiko wa pilipili, vitunguu saumu, figili na uduvi wa chumvi. Ha-gyeong ndiye aliyepewa kazi ya kuinama zaidi, kwa kuwa ndiye mkwe. Pil-gon alipita katikati yao mara kwa mara akila nyama ya nguruwe ya kuchemsha iliyofungwa kwenye jani la kabichi, akisema chumvi imekolea.

Maboksi yalipojaa, hakuruhusu mtu mwingine kuyapanga. Aliyashusha frijini mwenyewe, moja baada ya lingine, akifunika ukuta ule wa upande wa kushoto kwa haraka kidogo. Jioni Ha-gyeong alichukua boksi lake la kwenda nalo Suwon, akafunga kifuniko cha friji, akainamisha kichwa kwa heshima na kuondoka na mgongo unaomuuma.

Haukupita muda mrefu Bok-rye akafungua friji achukue kimchi ya kifungua kinywa. Harufu ilimpiga usoni kabla ya kifuniko kufika juu. Vifuniko vya maboksi vilikuwa vimevimba kama matumbo. Akafungua kimoja, kikatoa pumzi, na mchuzi mwekundu ukatokota wenyewe bila moto. Akaonja jani moja akiwa amesimama. Kisha akaonja jingine, kwa kutoamini.

"Baba In-chan, njoo uonje."

Pil-gon alionja. Ulimi ulijikunja.

"Nzuri," alisema. "Imekomaa."

"Hii ni kimchi ya juzi. Ina ukali wa kimchi ya mwezi wa nne. Friji haipoi."

"Inanguruma, hebu sikiliza."

"Hata wewe unanguruma ukilala, na hakuna unachofanya."

Hapo Pil-gon alikuwa na nafasi. Alikuwa na mdomo, na ukweli wenyewe ulikuwa mfupi. Lakini mkewe alikuwa amesimama na boksi mkononi, uso umemshuka kwa uchungu wa kazi yote ile, na yeye ndiye Daktari. Neno likamtoka kabla hajalipima.

"Nafikiri ni Ha-gyeong," alisema. "Alipotoa boksi lake hakufunga kifuniko vizuri. Baridi yote ilitoka. Friji ikishapoteza baridi yake ya mwanzo, kuirudisha ni kazi."

Bok-rye hakujibu. Pil-gon aliuchukua ukimya ule kama kibali, akapiga simu Suwon. Alipanga kuzungumza na In-chan, lakini aliyepokea alikuwa mkwe mwenyewe.

"Si kwamba namlaumu mtu," alianza, na kila anayeanza hivyo anajulikana anakokwenda.

"Baba, nilikifunga," alisema Ha-gyeong alipoelewa. "Hata wewe ulikuja nyuma yangu ukakibonyeza."

"Nilikibonyeza baridi ikiwa imeshatoka."

"Basi samahani, baba. Sikujua."

"Hakuna neno. Ni kujifunza."

Wiki ile likafika kasha la peasi kutoka Suwon, kubwa, kila moja limevikwa wavu wake, na kadi ya kuomba radhi. Pil-gon alilimenya la kwanza mwenyewe. Lilikuwa tamu, maji yakamtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono, na lilimkaa kooni vibaya. Akala la pili kuliteremsha la kwanza.

Kwa siku hizo zote chakula kilikuwa kimoja. Mchuzi wa kimchi asubuhi, chapati za kimchi mchana, wali wa kukaanga na kimchi jioni, maana kimchi iliyochacha inaliwa kwa moto tu, na iliyokuwepo ilikuwa ya watu kumi. Pil-gon aligawa boksi kwa Bi Bang akiiita kimchi ya wajuzi. Bi Bang alinusa akasema hajasoma kiasi hicho. Ila alikubali kumpa Bok-rye nafasi kwenye friji yake kwa yale maboksi mawili yaliyokuwa na afadhali.

Ilikuwa katika kuyahamisha hayo maboksi ndipo Bok-rye alipofuta ukuta wa kushoto na kitambaa kikakwama. Pil-gon alikuwa mlimani tena. Bok-rye akapapasa, akakuta kinundu cha kijivu, kigumu, kidogo kama punje ya maharage. Akakikwaruza kwa ukucha. Akakaa kwenye kiti kilekile alichokaa mumewe, akafikiri kidogo, kisha akamwita fundi.

Fundi alikuja akitafuna ubani, akamulika tochi, hakuinama hata mara mbili.

"Pamedungwa, mama. Bisibisi au kisu. Kila mwaka msimu huu ni kazi hii hii. Halafu mtu akaja na gundi."

"Inatengenezeka?"

"Naweza kukutengenezea, na baada ya miezi utaniita tena na kunitukana. Nunua nyingine. Nani kadunga?"

"Wanasema mkwe."

"Wakwe hawana nguvu za kudunga hivi," alisema fundi, akaenda zake nyumba nyingine.

Pil-gon aliporudi alimkuta mkewe mtulivu, hata mchangamfu. Alimwekea chakula. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka tu kujua:

"Hebu nieleze tena. Mkwe wetu aliacha kifuniko wazi kiasi gani?"

Pil-gon alionyesha kwa vidole, nafasi ya kupita karatasi chache. Siku iliyofuata Bok-rye akauliza tena, mbele ya Bi Bang. Nafasi ikawa ya kupita mkono. Dadake alipokuja kutoka Gochang, akaulizwa tena, na sasa kifuniko kilikuwa kimesimama wima, na Ha-gyeong alikuwa ameondoka akiongea na simu. Wanawake watatu walimsikiliza wakitikisa vichwa. Pil-gon mwenyewe alianza kumwona mkwewe waziwazi, na simu sikioni. Lilikuwa jambo la kumtuliza. Usiku alilala vizuri kuliko mwanzo.

Kwa hiyo Mzee Tak, mwenyekiti wa ukumbi wa wazee wa lile jengo, alipomsimamisha na kumwomba atoe somo la utunzaji wa friji, Pil-gon hakujiuliza wazo limetoka kwa nani. Alisema ataangalia kama ana nafasi. Alikuwa na nafasi mpaka kufa.

Siku ya somo alivaa tai. Ukumbi ulikuwa umejaa kuliko siku ya chakula cha bure. Watu wamekaa sakafuni penye joto, karanga katikati, na akina mama wa jikoni wameacha masufuria waje wasikilize. Bok-rye alikaa mbele kabisa, miguu ameikunja, mikono mapajani, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Jambo hilo lilimgusa Pil-gon. Katika ndoa yao yote hakuwahi kuona akikaa hivyo kwa ajili yake.

Aliongea vizuri, ni lazima isemwe. Alieleza vumbi la nyuma, nafasi ya kupumua, miguu ya friji isawazishwe ili mlango ujifunge wenyewe. Alitania kidogo kuhusu wanaume wanaofungua friji kutafuta kitu wasichokijua. Watu walicheka. Alikuwa amefika kwenye barafu, na amesema lile somo lake kubwa kwa ile sauti ya chini, Bok-rye aliponyosha mkono.

"Mwalimu, nina swali."

"Uliza, mama," alisema Pil-gon kwa ukarimu.

"Barafu ikiwa nene sana na mtu ana haraka, bisibisi haifai kabisa?"

"Hata kidogo. Ukitoboa bomba, gesi inatoka yote. Friji inabaki kabati."

"Lakini itanguruma?"

Pil-gon alirekebisha tai. "Itanguruma."

"Na aliyetoboa akipaka gundi?"

"Gundi... haisaidii."

"Haisaidii," alikubali Bok-rye, akageuka kuwaeleza waliokaa nyuma. "Mwalimu anasema gundi haisaidii." Kisha akamrudia. "Sasa mtu huyo akishapaka hiyo gundi isiyosaidia, kimchi ya watu ikachacha, akapiga simu Suwon kusema mkwewe ndiye aliyeacha kifuniko wazi, na mkwe akaleta peasi za kuomba radhi, na yeye akazila, huyo katika ufundi wa friji mnamwitaje?"

Bi Bang aliiweka karanga yake chini bila kuimenya. Friji ya jikoni mle ndani ikasikika ikinguruma.

"Mambo ya familia," alisema Pil-gon, "tutayazungumza nyumbani."

"Hili ni la friji," alisema mama mmoja wa jikoni. "Tumeambiwa tuje kwa ajili ya friji."

Mzee Tak, ambaye sikio lake moja lilikuwa limeshaaga dunia, aliinama mbele. "Nani katoboa? Sikusikia jina."

Hakuna aliyemsaidia. Pil-gon aliutazama mlango. Mbele yake kulikuwa na watu wengi wa kuvuka, na viatu vyake vilikuwa chini ya rundo la viatu vya wengine.

"Mimi," alisema.

"Sema kwa nguvu, Daktari."

"Mimi. Mimi ndiye niliyetoboa. Nilikuwa na haraka."

Alisubiri kelele, kicheko, chochote. Bok-rye alimwinamia kichwa kwa adabu kamili.

"Asante, mwalimu. Umetueleza vizuri. Kinachofuata ni mpira wa mlango. Endelea."

Akaendelea. Hakuna aliyemruhusu kukaa, naye hakuwa na ujanja wa kukaa mwenyewe. Alieleza mpira wa mlango kutoka mwanzo mpaka mwisho, tai ikimkaba, sauti ikimkauka, na hakuwahi kupata wasikilizaji makini namna ile. Hakuna hata mmoja aliyesinzia. Mzee Tak alipiga makofi mwishoni na kusema somo limekuwa na manufaa.

Walirudi nyumbani kwa lifti. Pil-gon alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Mkewe angekasirika, naye angekasirika, ungepita. Bok-rye alivua koti, akaweka simu mezani mbele ya mumewe, akaenda kuosha mchele. Maji yalianza kutiririka jikoni. Hakuyafungulia sana, ili asikie.

"Haloo, Ha-gyeong? Ni mimi. Huko kuna baridi?" aliuliza Pil-gon.

"Ipo, baba."

"Huku pia. Na In-chan hajambo? Anavaa soksi nzito?"

"Anavaa. Baba, kuna jambo?"

"Hapana. Ndiyo. Ile friji." Alikohoa. "Imegundulika ina tundu."

"Tundu limetoka wapi?"

"Limetokana na bisibisi."

"Bisibisi ilikuwa mkononi mwa nani, baba?"

Jikoni maji yalifungwa kabisa.

"Mwangu," alisema Pil-gon. "Kabla hujaja. Wewe hukuacha kitu wazi. Nilijua siku ileile niliyokupigia."

Pil-gon akautazama uso wa simu aone kama imekatika.

"Sikulala vizuri kwa sababu ya kile kifuniko," alisema Ha-gyeong hatimaye. "Nilikuwa nakirudia kichwani. Nilifika mahali nikaamini kweli nilikiacha wazi."

Pil-gon naye alikuwa amefika mahali hapo hapo, kwa raha zake.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimesikia, baba. Nina kikao. Msalimie mama." Na akakata kwa upole, jambo lililomuuma kuliko kama angeibamiza simu.

Friji ile ilichukuliwa na gari la vyuma chakavu. Bok-rye alinunua nyingine na kuiweka chumbani mwake, kando ya kabati la nguo, ambako Pil-gon hakuwa na sababu ya kupitapita mchana. Kwenye mwaka mpya Ha-gyeong alikuja, akapiga magoti kumpa mkwewe salamu za mwaka kama desturi, akala, akaosha vyombo, akaondoka. Hakukosa adabu hata punje, na hakumtazama machoni hata mara moja. Pil-gon alimsindikiza mpaka chini, akasimama kwenye baridi gari likitoka, amebeba mfuko wa njugu za castania aliokuwa amepanga kumpa na hakupata pa kumpa.

Majirani waliendelea kumwita Daktari. Sasa alijua wanamaanisha nini, na akaanza kupanda ngazi ili asikutane nao kwenye lifti.

Msimu uliofuata wa kimchi Ha-gyeong alituma ujumbe kwamba ana kazi nyingi. Badala yake Bok-rye alimpigia simu mwanawe na kumwambia kwamba hata yeye akiwa na shughuli, shughuli hiyo aje nayo Jeongeup. In-chan akaja. Alikaa sakafuni mkabala na baba yake, glavu nyekundu mpaka viwiko, na kabla ya adhuhuri alikuwa amejishika jicho kwa mkono wa pilipili na kukimbilia bafuni. Dada za mama yake walicheka mpaka wakalala chali.

"Kumbe Ha-gyeong alikuwa anafanya hivi kila mwaka?" aliuliza aliporudi, jicho limevimba. "Mgongo unanikatika."

"Alikuwa anafanya mara mbili yako," alisema mama yake, "na hakuwa akiongea."

Pil-gon alikuwa anafunua kabichi jani kwa jani na kupaka, polepole, ulimi nje. Bok-rye akapita nyuma yake, akachuna jani moja la chini kabisa karibu na shina, akalitia mdomoni, akatafuna huku akitazama dirishani.

"Huku ndani hakujapakwa kitu," alisema. "Toa zote, urudie."

Pil-gon akazitoa zote kwenye boksi, akarudia.